Milima ya Manga: Ngome, Mpaka na Njia za Wapandaji

Milima ya Manga ni safu ya majabali iliyosimama kati ya mji wa Kisii na mji wa Nyamira, magharibi mwa Kenya. Upande mmoja ni Kitutu Chache katika Kaunti ya Kisii. Upande wa pili ni Kitutu Masaba katika Kaunti ya Nyamira. Aliye bondeni huona ukuta mrefu wa mawe wenye vichaka na mikaratusi. Aliye juu huona mabati ya mji wa Kisii yakimeremeta, migomba na chai kila upande na, anga ikiwa safi, Ziwa Victoria na vilima vya Homa kwa mbali.

Siku hizi wanaopanda Manga ni wanafunzi, vikundi vya vijana wa kanisa, watu wa mazoezi na watalii wachache. Miaka 200 iliyopita watu walipanda huko kuokoa roho zao. Kati ya nyakati hizo mbili Manga imekuwa ngome, mahali pa kuheshimiwa, mpaka na mwisho wa mashamba. Kila zama iliitumia kwa namna yake, ila mvuto wake haukubadilika: aliye juu humwona anayekuja kabla hajafika.

Mawe na mvua

Nyanda za juu za Gusii ziko kati ya mita 1,500 na 2,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Mji wa Kisii uko kwenye mita 1,700 hivi, na uso wa Ziwa Victoria uko kwenye mita 1,134. Katika mwendo usiozidi siku moja wa mtu anayetembea kwa miguu, nchi hushuka zaidi ya mita 500. Tofauti hiyo ndiyo iliyoamua nani akae wapi, alime nini na apigane na nani.

Miamba ya Gusii ni ya kale mno, ya kabla ya kuwepo mnyama yeyote mwenye mifupa duniani. Baadhi yake ni mabaki ya volkeno. Mingine ni kwazaiti, jiwe gumu lisiloliwa upesi na maji. Miamba laini ilipomomonyolewa na mito, ile migumu ilibaki imesimama, na ndivyo yalivyotokea majabali kama ya Manga. Katika eneo hilohilo kuna jiwe la tabia tofauti kabisa: jiwe la sabuni la Tabaka, huko South Mugirango, ambalo hukatwa kwa panga na kuchongwa kwa kisu. Jiwe gumu liliwapa wakazi ngome, na laini likawapa kazi ya uchongaji inayojulikana hadi ng'ambo.

Mvua nayo ina mwenendo wake. Mchana jua huchemsha nchi kavu, upepo wenye unyevu hutoka ziwani ukapanda kuelekea nyanda za juu, na huko hukutana na pepo zitokazo mashariki. Hewa ikisukumwa juu hupoa, mawingu hujikusanya, na alasiri huja radi, ngurumo na mara nyingi mvua ya mawe. Kisii na jirani yake Kericho ni kati ya sehemu zinazojulikana sana kwa mvua ya mawe. Kwa mkulima wa chai, dakika chache za mvua hiyo hutosha kuchanachana majani yaliyokuwa yachumwe kesho yake. Hata hivyo, ni mvua hiyohiyo, inayozidi milimita 1,500 kwa mwaka, inayoufanya udongo wa Gusii uzae karibu mwaka mzima.

Safari ya kufika vilimani

Abagusii ni Wabantu, na kwa lugha na masimulizi wana undugu na Wakuria, Wasuba na Waragoli. Simulizi zao zinawatoa mbali kaskazini, kupitia eneo la Mlima Elgon, hadi Goye huko Yimbo, kando ya Ziwa Victoria. Mwanahistoria William Robert Ochieng', aliyechapisha mwaka 1974 utafiti wake juu ya historia ya Abagusii kabla ya ukoloni, alizikusanya simulizi hizi kwa wazee na kuzilinganisha na za majirani.

Kutoka Goye walisogea hadi tambarare za Kano, karibu na Kisumu ya leo. Huko walibanwa na Wajaluo waliokuwa wakiongezeka, na ukame nao ukawasukuma. Wakapanda mashariki hadi Kabianga, katika nchi ambayo baadaye ilijulikana kuwa ya Wakipsigis. Kabianga kulikuwa na baridi, mazao waliyoyazoea hayakustawi, na ng'ombe walitekwa mara kwa mara. Wakateremka tena kusini kuelekea nyika za upande wa Trans Mara, ambako Wamaasai wa Siria waliwashambulia. Mapigano ya Ngararo, yanayokisiwa kuwa ya mwishoni mwa karne ya 18, yanakumbukwa kama pigo kubwa lililowatawanya.

Baada ya hapo makundi yalitafuta milima, kila moja kwa njia yake. Ndipo yalipojengeka majina ambayo hadi leo ni ya koo kubwa na ya majimbo ya uchaguzi: Abagetutu wa Kitutu, Abanyaribari wa Nyaribari, Abagirango wa North na South Mugirango, Abamachoge na Ababasi wa Machoge na Bassi, pamoja na Abanchari ambao Waingereza waliwaita Wanjare. Kundi lililokuja kuwa Abagetutu lilijikusanya pande za Isecha na Manga.

Ngome za Abagetutu

Manga iliwafaa watu waliokwisha kutawanywa mara kadhaa. Majabali yalifunga upande mmoja, hivyo ulinzi ukabaki upande mwingine tu. Kutoka juu mlinzi aliona moshi, vumbi la mifugo au kundi la watu mapema, akapiga mbiu kabla hawajafika. Wavamizi waliozoea kupigana tambarare walilazimika kupanda wakiwa wamechoka, huku mawe na mikuki ikiwashukia kutoka juu. Bonde lilikuwa na malaria na, kuelekea ziwani, mbung'o. Juu kulikuwa na baridi, lakini watoto na ng'ombe walipona.

Pale ambapo jabali halikutosha, watu waliongezea kwa mikono yao. Walijenga chindwaki, yaani vijiji vilivyozungushiwa kuta zenye mlango mwembamba ambao mtu mmoja au wawili waliweza kuulinda. Ujenzi wa kujihami haukuwa wa Abagusii peke yao katika eneo hilo. Thimlich Ohinga, iliyo kaskazini magharibi mwa mji wa Migori, ni mji wa kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo, ulioanza kujengwa karibu na karne ya 16 na kutumiwa na jamii mbalimbali kwa zamu. UNESCO iliuorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kuta za Thimlich zimebaki kwa sababu mawe yake yalipangwa kwenye nchi kavu yenye watu wachache. Ngome za Gusii zilikuwa mahali ambapo kila kipande cha ardhi kilikuja kulimwa.

Pamoja na ngome kulikuwa na ebisarate, yaani kambi za ng'ombe. Vijana ambao hawajaoa waliishi humo na mifugo ya koo, mbali kidogo na nyumba za wazazi, na mara nyingi kambi ziliwekwa upande wa mpaka. Kazi yao ilikuwa kulisha, kulala macho na kurudisha ng'ombe walioporwa. Kambi hizo zilikuwa pia shule ya ushujaa: kijana alijulikana uhodari wake humo kabla hajapewa mke.

Abagetutu walikua kwa kupokea watu. Waliokimbia njaa, vita au ugomvi wa koo walipewa mahali, wakapata ng'ombe wa mahari na polepole wakahesabiwa kuwa wenyeji. Katika karne ya 19 walikuwa kundi lenye nguvu kuliko yote ya Gusii, na tofauti na wengine walikuwa na cheo cha omogambi, mtawala anayesikilizwa na koo nyingi. Bogonko, aliyeongoza katikati ya karne hiyo, ndiye anayetajwa zaidi kati yao.

Si vita tu vilivyowakutanisha na majirani. Njia za kushuka kutoka vilimani zilikuwa pia njia za soko. Abagusii walipeleka kwa Wajaluo nafaka, hasa wimbi, pamoja na majembe na mikuki ya wahunzi wao; walirudi na chumvi, samaki, vyungu na mifugo. Njaa ilipopiga bondeni, mvua ya milimani iliwafanya Abagusii kuwa ghala la jirani, na ng'ombe wa bondeni walipanda mlima kulipia wimbi.

Upande wa mashariki Wakipsigis waliendelea kuvamia hadi mwanzoni mwa miaka ya 1890. Hapo Abagetutu na koo nyingine waliungana, wakawasubiri wavamizi na kuwashinda vibaya katika vita vinavyokumbukwa Gusii kwa jina la Saosao, na kwa Wakipsigis kwa jina la Mogori. Simulizi za Gusii zinamhusisha Sakagwa, mwaguzi wa Kitutu, na maandalizi ya ushindi huo. Ni Sakagwa huyohuyo anayesemwa kuwa alitabiri kuja kwa wageni weupe na kuonyesha mahali ambapo mji wao ungejengwa.

Heshima ya mahali

Mahali palipookoa watu hapakosi kupewa heshima. Majabali ya Manga yana mapango na mashimo, na lijulikanalo zaidi ni Ngoro ya Mwaga. Wenyeji husimulia kuwa wagonjwa na walemavu walipelekwa huko wakapona, na kwamba asiye na nia njema hakupaswa kusogea. Wako wanaolisimulia shimo hilo kwa hofu, na wako wanaolisimulia kwa fahari. Makanisa kwa miongo mingi yamewaonya waumini wasilihusishe na uponyaji. Hata hivyo kila mpandaji bado huonyeshwa lilipo.

Bunduki bondeni

Waingereza walitawala kwanza eneo hili kutoka Karungu, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Mwaka 1905 walituma kikosi Gusii kuadhibu wizi wa mifugo na ukaidi. Kikosi kilikuwa na bunduki ya rashasha, na watu wenye mikuki na ngao waliuawa kwa wingi. Mwaka 1907 makao ya wilaya ya South Kavirondo yakahamishwa kutoka Karungu hadi Getembe, mahali ulipo mji wa Kisii wa leo.

Afisa aliyepewa kituo hicho alikuwa Geoffry Northcote. Januari 1908 Otenyo Nyamaterere, shujaa wa Kitutu, alimchoma mkuki. Anayetajwa kumhimiza ni Moraa wa Ngiti, mwaguzi wa kike aliyewasuta vijana kwa kukaa kimya mbele ya utawala wa kigeni. Northcote alipona, na miaka 29 baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Otenyo alikamatwa na kuuawa. Kikosi cha King's African Rifles kilipita Kitutu kikichoma nyumba, kikiteka maelfu ya ng'ombe na kuua watu wengi, kiasi kwamba Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni huko London, aliandika kuhoji mauaji ya watu wasio na uwezo wa kujitetea.

Mwaka huo ulimaliza kazi ya Manga kama ngome. Kimo cha jabali kilimzuia mwenye mkuki. Hakikuzuia risasi, wala hakikulinda nyumba na ng'ombe waliobaki chini. Muda mfupi baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1910, serikali ilivunja ebisarate, kwa kuwa haikutaka kuona vijana wenye silaha wakiishi pamoja mbali na machifu. Mamlaka ya mahali yakahama kutoka kwenye ukingo wa mlima na kushuka hadi Getembe: kituo, gereza, ofisi ya kodi. Wamisionari nao walijenga karibu na mji. Wakatoliki wa Mill Hill walianza Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wa Sabato wakafuata Nyanchwa.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilifika hukohuko. Septemba 1914 jeshi la Wajerumani lilivuka kutoka upande wa Tanganyika na kuingia Kisii. Maafisa wa Kiingereza walikuwa wamekwisha kuondoka. Tarehe 12 Septemba vikosi vya Waingereza viliwashambulia, na baada ya mapigano makali Wajerumani wakarudi walikotoka. Katika pengo hilo la utawala wananchi waliingia madukani, ofisini na kwenye misheni wakachukua mali. Adhabu ilikuwa kali, na baada yake ikaja kazi ya kuchukua watu kwa nguvu wakabebe mizigo ya jeshi.

Wengi waliona siku zile chache kuwa dalili kwamba utawala wa wazungu unaweza kuondoka. Imani ya Mumbo, iliyoanza kwa Wajaluo wa Alego mwaka 1913 na kuhubiri nguvu ya nyoka mkubwa wa ziwani, ilipata wafuasi wengi Gusii na ikachanganyika na kumbukumbu za Sakagwa. Ukoo wa Bogonko ulikuwa miongoni mwa walioipokea. Serikali iliipiga marufuku, na baadhi ya viongozi wake walihamishiwa Lamu, mahali pa pwani wasipojua mtu.

Kutoka malisho hadi chai

Zamani kati ya koo na koo kulikuwa na ardhi wazi ya malisho ambayo hakuna aliyethubutu kuijenga, na miteremko ya Manga ilikuwa sehemu ya ardhi hiyo. Vita vilipokoma, sababu ya kuiacha wazi ilikufa. Watu walishuka kutoka vijiji vya ngome, wakasambaa, na mashamba yakajaza mpaka hadi mguuni mwa majabali.

Katika miaka ya 1930 Kisii ilikuwa kati ya sehemu za kwanza ambako Waafrika waliruhusiwa kulima kahawa, pamoja na Meru na Embu. Pareto na chai zilishika kasi katika miaka ya 1950, baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 kufungua mazao ya biashara na hati za ardhi kwa wakulima wa Kiafrika. Mamlaka ya Maendeleo ya Chai, KTDA, ilianzishwa mwaka 1964, na viwanda vyake vikaenea Kisii na Nyamira. Kahawa ilistawi sehemu za chini zenye joto zaidi. Chai ilipendelea zile za juu. Ndiyo maana mtu anayepanda kuelekea Manga huona mimea ikibadilika pole kwa pole, migomba na kahawa zikipungua na chai ikiongezeka.

Asubuhi na mapema wachumaji huingia shambani na vikapu mgongoni, wakivunja majani mawili na kichipukizi kila tawi. Kabla ya jioni magunia hufikishwa kwenye kituo cha kununulia chai, ambako karani hupima, huandika na kusubiri lori la kiwanda. Chai isiyofika kiwandani mapema hukauka na kuharibika, kwa hiyo barabara za vilimani zilichongwa kufuata vituo hivyo. Mgeni anayefika Manga kwa gari leo hupita barabara zilizofunguliwa kwa ajili ya chai.

Idadi ya watu ilipanda pamoja na mazao. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kaunti ya Kisii na 605,576 Kaunti ya Nyamira, kwenye eneo dogo kwa kiwango cha Kenya. Mashamba yamegawanywa kati ya wana na wajukuu hadi mengi hayazidi ekari chache. Mikaratusi, inayokua upesi na kuuzwa kwa kuni za viwanda vya chai na mbao za ujenzi, imepandwa hadi mahali ambapo jembe haliwezi kufika. Sehemu pekee iliyobaki bila mwenye jembe ni uso wa jabali wenyewe.

Kupanda Manga leo

Kisii na Nyamira hazina hifadhi ya taifa. Iliyo karibu ni Ruma, katika bonde la Lambwe huko Homa Bay, iliyoanza kama hifadhi ya wanyama mwaka 1966 na kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 1983. Ndipo mahali pekee Kenya ambapo swala wa aina ya korongo wamebaki porini. Ruma ina lango, ada, askari na maeneo yaliyotengwa ya kupiga kambi. Manga haina lango wala ada. Njia zake ni vijia vya wachungaji na vya wanawake wanaokusanya kuni, na mara nyingi hupita kwenye mashamba ya watu.

Kutoka mji wa Kisii mgeni hupanda matatu hadi soko la Manga, kisha humalizia kwa miguu au bodaboda. Juu, kijia hufuata ukingo kwa mwendo mrefu. Mahali pengine ni nyasi fupi zilizoliwa na mbuzi. Pengine ni mwamba uliolainishwa na nyayo na kwato, unaoteleza mvua ikinyesha. Hakuna ukuta wa kumzuia mtu asianguke. Wenyeji huwaambia wageni wapande asubuhi na kushuka kabla ya saa nane, kwa sababu ya radi ya alasiri. Mtu aliyesimama juu ya ukingo ulio wazi ndiye kitu kirefu kuliko vyote vinavyomzunguka.

Anayetaka kulala huko kwa hema huomba ruhusa kwa mwenye shamba, na kwa desturi humjulisha pia mzee wa kijiji, kama ambavyo mgeni yeyote angefanya katika boma la mtu. Kijana wa hapo anayewaongoza wageni hulipwa kwa makubaliano. Pamoja na mandhari atawaonyesha Ngoro ya Mwaga, pande za Isecha na upande ambako maadui walitokea, kwa hiyo simulizi zilizokusanywa na wanahistoria bado zinasikika njiani.

Ulinzi wa mahali hapa ni jambo la kisheria na la kifamilia kwa wakati mmoja. Katiba ya mwaka 2010 imewapa magavana na mabunge ya kaunti utalii wa ndani ya eneo lao. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inaruhusu mahali penye thamani ya kihistoria kutangazwa na kulindwa. Lakini mpaka wa kaunti hizo mbili unapita katika nchi ya Abagetutu, hivyo serikali mbili zinahusika na milima hiyohiyo, na chini ya majabali kuna mamia ya wenye mashamba walio na hati. Kuipanua barabara, kujenga choo au kuweka ukuta wa usalama ukingoni kunahitaji makubaliano na wenye mashamba hao. Kung'oa mawe ya ujenzi, kukata vichaka vinavyoshika udongo na kupanda mikaratusi hadi kwenye vyanzo vya maji ndiyo mambo yanayoidhoofisha milima hiyo kwa haraka zaidi, na ndiyo ambayo kaunti hizo mbili zinaweza kuyadhibiti mapema bila kungoja mpango mkubwa wa utalii.